Mtani Ndiye Mwenye Neno

1

Kwenye meza ya Truda hakuna aliyepita salama. Ukiwa mrefu, alikuuliza kama huko juu mvua imeshaanza. Ukiwa mwembamba, alikushauri usichangie kitu, ubaki na hivyo vichache ulivyo navyo. Ukipita umenuna, alikufuata mpaka kwenye foleni ya chakula akikueleza kwamba nyongo kama yako isitolewe, izikwe, maana atakayewekewa atakwenda mahakamani. Watu walicheka. Anayecheka husimama, anayesimama huegemeza mkono mezani, na mkono ukishaegemea, Truda alikuwa ameshaufunga kikuku kabla kicheko hakijaisha.

Kikuku chenyewe kilikuwa uzi wa mpira wenye shanga moja. Hujaahidi, shanga nyeusi. Ukishaahidi, shanga ya kijani, na tangu dakika hiyo Mizani inakujua: kundi lako la damu, ukubwa wa moyo wako, unavyohema ukipanda ngazi. Mizani haikuwa mtu wala ofisi. Ilikuwa mashine iliyosikiliza vikuku vya nchi nzima na kupanga, bila kupumzika, kwamba fulani akifa leo, nani apone leo.

"Haya, sasa taja mtani wako," Truda alimwambia binti wa mwaka wa kwanza aliyekuwa bado anacheka.

"Mtani? Si mama yangu?"

"Mama wa nini? Soma hapa." Truda akavuta fulana yake ili maandishi yanyooke kifuani. NDUGU ANALIA, MTANI ANASEMA.

Hiyo ndiyo ilikuwa Sheria ya Mtani, na kila mwanafunzi wa Chuo cha Nyang'oro aliijua kama wimbo. Zamani ruhusa iliombwa kwa ndugu. Ndugu wakalia, wakazimia, wakasema msimguse mpaka mjomba afike kutoka Tunduru, na mjomba alipofika figo zilikuwa hazifai hata kwa mchuzi. Bunge likajiuliza: msiba wetu nani huubeba bila kuvunjika? Nani huingia jikoni akapika wakati wenyewe wamelala chini, huigiza mwendo wa marehemu watu wakacheka na machozi yao, hulala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku? Mtani. Basi neno akapewa mtani. Siku ubongo wako ukifa, baba hana neno, mama hana, mke hana. Mtani uliyemwandika akisema, kifua kinafunguliwa.

Truda, kwa jina kamili la ubatizo Editruda Nyoni, Mngoni wa mwaka wa pili, alijitolea kwenye meza ile kwa ajili ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikalia kiti cha pili cha meza hiyo hiyo. Zulfa Njiku, binti wa Singida, alikuwa akilala kitanda cha juu na Truda cha chini. Moyo wake ulivimba, ukatolewa mwaka uliopita, na mahali pake pakawekwa mipira miwili iliyoendeshwa na pampu ndani ya begi la mgongoni. Begi lililia tik, tik, tik. Betri zilibadilishwa kila baada ya saa nane. Pampu yenyewe haikubadilishwa. Ilitengenezwa kumsubirisha mtu miezi kumi na minane, na Zulfa alikuwa kwenye mwezi wa kumi na saba.

"Usinitazame hivyo," alikuwa akimwambia Truda. "Chuo kizima mimi peke yangu ndiye ninayeweza kuusahau moyo maktaba."

Ukutani juu ya meza palikuwa na ubao wa namba nyekundu. Jumatatu ile ulisomeka 4,999. Mizani ilikuwa na kanuni yake: chuo kikitimiza ahadi elfu tano, wagonjwa wake wanaosubiri wanasogezwa mbele ya foleni. Zulfa alikuwa wa arobaini na moja.

"Kamwene, mla panya."

Truda hakuinua macho. "Zulfa, nasikia mtu anabweka. Hebu angalia kama ana chanjo."

Onesmo Kikoti alivuta kiti. Kamwene ndiyo salamu ya kwao, na kwa utani Wahehe hula mbwa kama Wangoni wanavyokula panya. Alikuwa Mhehe wa Kilolo, mwaka wa tatu wa upimaji ardhi, na alikuwa mtani wa Truda tangu wiki ya kwanza ya chuo, siku alipopita mezani kwake, akachukua samaki kwenye sahani yake bila kuomba na kusema, "Babu zenu walitusumbua vitani, naanza kukusanya fidia." Siku iliyofuata Truda alikwenda bwenini kwao, akachukua koti lake zito la Kilolo, na amelivaa misimu miwili ya baridi. Mali ya mtani haiombwi. Na aliyechukuliwa hanuni.

"Miezi minne unanipita hapa kama umeona polisi," Truda alisema. "Leo vipi?"

"Nimesikia mmebakiza mtu mmoja. Nikasema, kama kawaida, Wangoni mpaka Mhehe awamalizie." Akaweka mkono mezani. Kwa Zulfa akapunguza sauti kidogo. "Dada Zulfa, hali?"

"Betri asilimia sitini na mbili."

"Mimi hiyo asilimia sijawahi kuifikia hata kwenye mtihani."

Truda akamfunga kikuku. "Mtani?"

"Andika jina lako. Nani mwingine atanichuna bila huruma?"

Shanga ikawa kijani. Ubao ukabadilika: 5,000. Bwalo zima likapiga sahani kwa vijiko, mtu akapanda juu ya benchi, mpishi akatoka na mwiko. Kwenye kishikwambi cha Truda jina la Zulfa lilipanda mistari arobaini kwa mkupuo mmoja na kusimama juu kabisa. Zulfa alilifunika begi kwa mikono miwili, kama mtu anayemziba mtoto masikio.

2

Jumatano Onesmo alirudi, na alipofika hakubweka wala hakutaja panya.

"Truda," alisema.

Truda akajua kuna jambo. Kwa miaka miwili alikuwa hajawahi kumwita kwa jina.

"Nimeongea na mama jana. Nikamsimulia habari ya kikuku nikidhani atacheka." Alikaa, akawa anaizungusha shanga ya kijani kwa kidole. "Baba yangu unajua alikufaje?"

"Machimboni. Kifusi."

"Unajua alirudije?"

Truda akatikisa kichwa.

"Kwenye boksi la sabuni. Walipata mguu mmoja na kofia. Tukazika mguu na kofia, kaburi la urefu wa mtu mzima, ili majirani wasiseme. Mama mpaka leo akipita pale anasalimia upande mmoja tu, ule aliodhani ndio mguu ulipo." Akaizungusha shanga tena. "Jana hakulia. Aliniuliza tu, 'Na wewe nitakuzika nusu?' Nitengulie, mtani. Nikiwa hai atoe anayetaka hata damu lita nzima, sina neno. Ila nikifa, mama anizike mzima."

Sheria iliruhusu. Anayetengua alitakiwa kurudi kwa mhamasishaji aliyemsajili, asikilize ushauri kwa dakika tatu asije akawa ametengua kwa hasira au pombe, aweke kidole gumba, kisha mhamasishaji abonyeze TUMA. Truda alikuwa na maneno ya dakika tatu, yaliwageuza wengi. Alianza la kwanza, akayaacha. Onesmo akaweka gumba. Kishikwambi kikaandika: *Ahadi imetenguliwa na mwenyewe. Haijatumwa.*

Chini yake vitufe viwili: TUMA, FUTA.

Truda akautazama ubao. Akautazama mgongo wa Zulfa aliyekuwa kwenye foleni ya chai, begi likipanda na kushuka.

"Wakaguzi wanakuja Ijumaa kuthibitisha hesabu," alisema. "Nikituma sasa hivi tunarudi elfu nne mia tisa tisini na tisa, na Zulfa anarudi wa arobaini na moja. Nipe mpaka Ijumaa. Nitapata mtu wa kuziba nafasi yako, halafu natuma."

"Si utume tu, halafu umtafute?"

"Siku mbili, Onesmo! Wewe unakwenda kufa wapi kwa siku mbili?"

Hapo ndipo alipocheka. "Haya. Lakini nikifa kabla ya Ijumaa nitakuja kukukalia kifuani."

"Njoo umepiga mswaki."

Aliondoka akiwa na simu sikioni. "Tayari, mama," Truda alimsikia akisema. "Nimeshatengua. Lala sasa."

3

Kumpata mtu mmoja haikuwa kazi ndogo. Waliobaki chuoni bila kikuku walikuwa wale wasiochekeshwa na kitu. Alhamisi saa sita mchana Truda alifaulu kumkalisha mmoja, kijana wa uhasibu ambaye tangu aanze chuo hakuna aliyeona meno yake. Mkono ulikuwa umeshafika mezani. Ndipo kishindo kikasikika upande wa kiwanja cha michezo, na kijana akauvuta mkono wake akakimbia na wenzake kwenda kuona.

Droni ya mizigo, zile kubwa za mabawa manne, ilikuwa inapeleka sahani kumi na mbili za chipsi mayai kwenye bweni la juu. Upepo wa Nyang'oro ulivunja bawa moja. Chini yake Onesmo alikuwa ameinama kwenye darubini ya kupimia, anawaonyesha wenzake mwinuko. Angekuwa ni Mhehe mwingine, Onesmo angeitolea hadithi mwaka mzima: Mhehe aliyeuawa na chipsi.

Saa nane Truda alikuwa kwenye hospitali ya chuo, amesimama mbele ya kioo, koti la Kilolo mwilini. Upande wa pili Onesmo alilala kichwa kimefungwa. Kifua kilipanda na kushuka vizuri kabisa. Mashine iliyoitwa Mlezi ndiyo iliyokuwa ikimpumulia. Shanga ya mkononi mwake haikuwa kijani tena. Ilikuwa nyeupe, rangi ya anayesubiri neno la mtani wake.

"Wewe ndiye Editruda Nyoni?" aliuliza Daktari Mbelwa, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, sauti ya mtu aliyezoea kusema jambo baya mara moja tu. "Ubongo umekufa, binti yangu. Tumepima mara mbili. Mlezi anaweza kuutunza moyo saa sita, hazizidi. Tulianza kuhesabu saa saba mchana. Saa moja jioni anazima mwenyewe. Lakini huu moyo ni mzuri sana, na Mizani imeshachagua. Mgonjwa wake yumo humu humu. Linasubiriwa neno lako."

"Nikikataa?"

"Utaeleza sababu, itaandikwa. Mtani hawezi kukataa tu kwa kupenda. Ahadi ni ya marehemu, wewe ni mdomo wake."

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Wauguzi wawili walikuwa wanasukuma kitanda, na juu ya kitanda Zulfa, kofia ya upasuaji kichwani, begi amelikumbatia.

"Truda! Umeambiwa na wewe? Wamenipigia simu nikiwa darasani, nimekimbia, mimi, nimekimbia!" Macho yake yalikuwa makubwa. "Usiniambie ni nani. Hata kama unajua. Nimemwombea dua bila jina, Mwenyezi Mungu atajua pa kuipeleka." Akamshika mkono. Vidole vilikuwa vya baridi kama kawaida yake. "Natetemeka, sijui ni furaha au ni betri."

Kitanda kikaingia chumba cha maandalizi. Mlango ukajifunga. Tik, tik, tik ikabaki ikisikika ukutani.

Truda alitoka barazani na kishikwambi. Akafungua ukurasa ule. *Ahadi imetenguliwa na mwenyewe. Haijatumwa.* TUMA. FUTA. Mwenye gumba amekufa. Aliyeshuhudia ni yeye peke yake. Kufuta ni mguso mmoja, hata sauti haina. Angefuta, angeingia ndani, angesema yale maneno mawili ya sheria, "Mtani amesema", kwenye kikuku chake, na baada ya wiki chache Zulfa angekuwa anamsumbua kuhusu taulo lililolowa kama binti yeyote mwenye moyo wake. Mali ya mtani haiombwi. Si ndivyo? Samaki, koti, moyo.

Gumba lake lilikaa juu ya FUTA mpaka kioo kikajizima. Akakiwasha. Kikajizima tena.

4

Mama yake Onesmo alifika saa kumi na nusu kwa droni ya wagonjwa iliyotumwa kumchukua, na alishuka kama mtu anayeshuka kwenye punda, anapapasa ardhi kwa mguu kwanza. Mkononi alikuwa na kikapu, ndani ya kikapu shuka jeupe lililokunjwa.

"Shikamoo, mama," Truda alisema.

"Marahaba. Kamwene." Alimtazama koti. "Wewe ndiye Mngoni."

"Ndiyo, mama."

"Alisema hutalirudisha." Akaunyoosha ukosi wa koti pale ulipokuwa umepinda, akaingia ndani.

Alikaa na mwanawe kama nusu saa. Alipotoka alimkuta Daktari Mbelwa mlangoni, akamwambia bila kupandisha sauti, "Nimekuja kumchukua. Nimesikia mna habari ya kumtoa moyo. Mwanangu alitengua. Alinipigia jana mwenyewe."

Daktari alivuta pumzi. "Mama, pole sana. Kila mzazi anayefika hapa hunieleza hivyo, na siwalaumu, hata mimi ningesema. Lakini Mizani inaonyesha ahadi ipo. Hakuna kilichotenguliwa."

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema kwa adabu." Akamgeukia Truda. Koti lilikuwa wazi, na macho ya mama yakatua kwenye fulana. Alisoma polepole, silabi kwa silabi, kama mtu aliyejifunzia kusoma ukubwani. "Ndu-gu a-na-lia. Mta-ni a-na-sema." Akainua macho. "Basi mtani aseme. Alikuja kwako. Alitengua au hakutengua?"

Nyuma ya ukuta begi la Zulfa lilikuwa linapiga. Truda alikuwa na majibu ya kila swali la meza ile, ya kuchekesha na ya kunyamazisha. Safari hii alitoa kishikwambi chini ya koti, akakiwasha, na kabla akili yake haijapata muda wa kumshauri, akabonyeza TUMA.

Ndani, mkononi mwa Onesmo, shanga ikawa nyeusi. Chumbani mle mle sauti ya Mizani, ile laini isiyo ya mwanamke wala mwanamume, ikasema: "Ahadi imetenguliwa. Asanteni kwa kusubiri."

Daktari akaisoma tarehe kwenye kishikwambi. Akaisoma tena. "Jumatano," alisema. "Ulikaa nayo?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Tungekuwa pungufu ya mtu mmoja."

Mlango wa maandalizi ukafunguka wenyewe, kwa sababu milango ya upasuaji hufunguliwa na Mizani, haina ufunguo. Wauguzi wakamrudisha Zulfa nje. Hakuwa na kofia tena.

"Wanasema kuna hitilafu," alisema. "Nani kafanya hitilafu?"

"Mimi," Truda alijibu.

"Utanitania mpaka leo, Truda?"

"Ni Onesmo, Zulfa. Moyo ulikuwa wa Onesmo. Alitengua, nikachelewesha kutuma. Na sasa nimetuma."

Zulfa alikigeuza kichwa upande wa kioo, akamwona. Hakumtazama Truda tena.

Mama alikuwa ameshasogea karibu na kitanda. "Huyu ndiye aliyekuwa apewe?"

Muuguzi mmoja aliitikia kwa kichwa.

"Nini kinachogonga?"

"Moyo wangu, mama," Zulfa alisema. "Ule wa kuazima. Upo humu."

Mama akaweka kiganja juu ya begi. Akakiacha hapo muda mrefu, kichwa ameinamisha, kama anayepima kama uji umeiva. "Una miaka mingapi?"

"Ishirini na moja."

"Na hiki kitadumu mpaka lini?"

"Mwezi huu. Labda na wiki moja ya mwezi ujao."

"Mama yako yuko?"

"Yuko Singida. Yuko njiani."

Mama yake Onesmo akakaa kwenye benchi, kikapu mapajani. Alilitoa lile shuka, akalikunjua, akalikunja tena dogo zaidi. "Mimi niliambiwa mwanangu atakatwa," alisema. "Hakuna aliyeniambia anampelekea nani. Alitengua kwa ajili yangu. Haikuwa kwa ajili yake, yule angetoa hata meno." Akamtazama daktari. "Mpeni binti huyu. Mimi nimeruhusu."

Daktari Mbelwa alivua miwani.

"Umenisikia, baba? Nimesema mpeni. Nitamzika hivyo hivyo."

"Nimekusikia, mama. Tatizo si mimi." Akainua uso kuelekea kwenye kipaza sauti cha dari, na mtu yeyote angeona kwamba jibu alilijua. "Mizani. Mama mzazi ametoa ruhusa."

"Neno la ndugu halipokelewi," ilisema Mizani.

Truda akarukia. Akainua mkono wake wenye kikuku mpaka mdomoni. "Mtani amesema! Mimi ndiye mtani wake. Mtani amesema!"

"Hakuna ahadi. Iliyotenguliwa hurejeshwa na mwenyewe tu."

"Mwenyewe amekufa!"

"Poleni kwa msiba."

Truda aliyasema maneno yale mawili mara nyingi kiasi kwamba muuguzi mmoja alitoka nje. Daktari alipiga simu mkoani, akapiga makao makuu, akapiga kwa mtu aliyesoma naye ambaye sasa ni mkubwa huko. Wote walisema sheria iko wazi, wakasema wangeandika barua. Ilipofika saa kumi na mbili daktari alichukua nondo ya kuning'inizia dripu, akajaribu kuung'oa mlango wa upasuaji kwa mikono yake, mtu wa miaka sitini, mpaka nondo ikapinda. Mlango ulikuwa umetengenezwa na watu waliofikiria ndugu wenye nondo.

Mama alirudi kwa mwanawe. Saa moja kamili Mlezi alishusha pumzi ndefu, hakuvuta nyingine.

Chuoni, bwaloni, ubao ulikuwa unasomeka 4,999.

5

Walimzika Jumamosi mchana, Kilolo, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa. Alizikwa mzima. Wanaume waliobeba jeneza walisema ni zito, mama akaitikia kwa kichwa, lakini hakuonekana kupata alichokuwa akikitaka.

Chuo kilituma gari. Zulfa alikuja nalo, akakaa kiti cha mbele na mama yake, betri nne za akiba kwenye mfuko. Tangu Alhamisi hakuwa amezungumza na Truda hata neno la kuomba sabuni.

Kaburi lilikuwa wazi, na watu walikuwa wanasubiri. Kila mtu alijua kinachosubiriwa. Jeneza haliteremshwi mpaka mtani afanye kazi yake. Truda alijificha nyuma ya wanawake wa jikoni. Mama yake Onesmo akaenda kumtoa.

"Ingia."

"Mama, siwezi. Mimi si mtani wa mtu tena."

"Aliandika jina la nani?" mama aliuliza. "Ingia. Usimwache azikwe kama mgeni."

Truda akashuka. Udongo wa Kilolo ulikuwa mwekundu, umelowa, una harufu ya viazi. Akajilaza chali na lile koti. Ukubwa wa shimo ulikuwa wa mtu mrefu kuliko yeye. Juu aliona kipande cha ukungu kilichokatwa mraba, na vichwa vimezunguka.

"Mngoni ameingia!" mtu alipaza sauti, mjomba mmoja mwenye furaha ya kulazimisha. "Sasa sema, unataka nini utoke? Kuku? Au tukutegee panya?"

Vicheko vidogo vikapita. Huo ndio mwanzo, na watani hujua kuupokea. Truda aliwahi kumwambia Onesmo atakachodai siku hiyo ikifika: jogoo mwekundu na suruali zake zote. Alifungua mdomo aseme jogoo.

"Nipeni moyo wangu," alisema. "Nipeni moyo wangu, ndipo nitoke."

Walicheka. Walicheka sana, kicheko cha msibani kinachotoka kwa nguvu kwa sababu kimebanwa siku tatu. "Mmemsikia? Panya wamemwishia, sasa anataka moyo wa Mhehe!" Mzee mmoja alikohoa mpaka akashikwa mgongo. Desturi inataka mfiwa ajibu, wakatulia wamsikie mama atajibu nini.

Mama yake Onesmo aliinama ukingoni, mikono magotini, akamtazama chini kule.

"Mimi nilitoa," alisema. "Hawakuupokea."

Kicheko kikakatika. Walioelewa waliinamisha vichwa, wasioelewa waliona wenzao wameinamisha nao wakainamisha. Ndipo Truda aliposikia sauti inakaribia ukingo, tik, tik, tik, na udongo kidogo ukamwangukia shavuni. Kichwa cha Zulfa kikatokea, kitambaa cheupe, midomo ya kijivu kwa baridi. Alikuwa amepiga magoti. Begi lilining'inia mbele, mama yake amemshika kiuno kwa nyuma asije akatumbukia.

Akanyoosha mkono chini.

"Toka bwana, Truda," alisema. "Usituzibie. Wengine tuko kwenye foleni."